Jetski za kusimama: ipi inamfaa mtu anayeishi Nairobi?

Mtu wa Mombasa anayetaka kununua jetski ya kusimama huuliza kwanza inakwenda kasi gani, na ana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu maji yako mlangoni mwake na hewa anayovuta ndiyo ileile ambayo waliounda injini waliikusudia. Sisi wa Nairobi hatuna budi kuuliza kwanza mashine ina uzito gani, kisha injini yake inaivumiliaje hewa nyepesi ya nyanda za juu, na suala la kasi tuliache mpaka mwisho. Nimefikia msimamo huu baada ya miaka miwili ya kuvuta mashine hizi kwa trela kutoka Ruaka hadi Naivasha, na mara nne hadi Kilifi, nikiendesha tatu zilizo tofauti kabisa: Yamaha SuperJet ya zamani ya cc 701 yenye injini ya mipigo miwili, Yamaha SuperJet ya sasa yenye injini ya mipigo minne, na Kawasaki SX-R ya cc 1,498. Ya kwanza ilikuwa yangu na nimekwisha kuiuza, ya pili ninayo hadi leo, na ya tatu ni ya rafiki yangu ambaye hakuwahi kuninyima ufunguo.

Kwa asiyezifahamu, jetski ya kusimama si ile inayokodishwa watalii ufukweni, yenye kiti kirefu cha watu wawili au watatu. Hii hubeba mtu mmoja tu, naye husimama au hupiga magoti katika nafasi iliyo tezini, yaani nyuma, akiwa ameshika usukani uliofungwa kwenye mkono mrefu unaopanda na kushuka kwa bawaba iliyo karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo. Ikiwa haiendi, haiwezi kumbeba mtu aliyesimama: sehemu ya nyuma huzama na chombo hulalia ubavu. Inakubidi ulale kifudifudi juu yake, ubonyeze eksileta, uiache ikuburute mpaka ianze kuinuka juu ya maji, ndipo uvute goti moja, kisha la pili, na mwishowe usimame. Kuondoka huku katika maji ya kina ndiko kunakomchosha mwanafunzi, na ndiko kunakotenga mashine moja na nyingine kuliko jambo lolote lililoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji.

Jina lenyewe, Jet Ski, ni alama ya biashara ya Kawasaki, iliyoanza kuuza chombo cha kwanza cha jina hilo mwaka 1973 kutokana na wazo la Clayton Jacobson II, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano. Chombo hicho kilikuwa cha kusimama, kwa hiyo hii tunayoizungumzia ndiyo jetski ya asili, na zile za viti ambazo wengi wanazijua ndizo zilizokuja kulitawala soko baadaye. Yamaha iliingia na SuperJet mwaka 1990. Tangu wakati huo mashindano makubwa katika aina hii yamekuwa kati ya makampuni hayo mawili ya Kijapani, na mnunuzi wa kawaida hana sababu kubwa ya kutafuta mbali zaidi.

Sasa nirudi kwenye hewa, kwa maana wauzaji wengi hawaligusi jambo hili. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo hata kuliko Nairobi yenyewe. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda, hivyo injini inayotoa nguvu zote Kilifi hupungukiwa na karibu sehemu moja kwa tano inapofika Naivasha. Isitoshe, maji ya ziwa hayabebi chombo kama yanavyokibeba maji ya chumvi. Ukiyaunganisha mambo hayo mawili utaelewa kwa nini mtu aliyejifunza vizuri pwani hufika Naivasha na kujikuta anaburutwa kifudifudi mita nyingi zaidi kabla mashine haijainuka, akidhani kwamba amesahau alichofundishwa.

SuperJet ya zamani ndiyo inayoumizwa zaidi na hali hiyo, na nilijifunza kwa gharama. Mashine hiyo ya cc 701 ilitengenezwa tangu mwaka 1994 hadi 2020, na kwa uzito wake wa takriban kilo 139 bila mafuta, pamoja na urefu wa mita 2.24, ni chombo chepesi na chenye utiifu wa ajabu. Huchanganyiwa oili na petroli kwa kiasi cha moja kwa hamsini, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, na mchanganyiko huo unaingia kwenye injini kupitia kabureta mbili za Mikuni. Niliinunua kwa mtu binafsi aliyekuwa ameiendesha pwani tu. Asubuhi ya kwanza Naivasha iliwaka bila shida, ikanguruma vizuri karibu na ukingo, lakini kila nilipobonyeza eksileta hadi mwisho ilikohoa, ikakwama, ikatoa moshi mzito uliotanda juu ya maji. Nilikuwa nimeandamana na fundi wa pikipiki kutoka Kirinyaga Road ambaye hakuwahi kugusa jetski maishani. Alifungua plagi, akaifuta kwa kidole gumba, akanionyesha kidole kilichokuwa cheusi kama mkaa.

"Mkubwa, injini hii imeshiba petroli, inakosa hewa," akasema. "Hapa si Mombasa."

Siku hiyo alifunga skrubu za kabureta robo mzunguko kwa robo mzunguko mpaka mlio ukanyooka, na wiki iliyofuata tuliweka ndani yake vijitundu vidogo zaidi vya kupitishia petroli. Mashine ikawa mpya. Ninaikumbuka alasiri hiyo kwa furaha kubwa, kwa sababu hakuna jetski nyingine niliyowahi kuendesha inayogeuka kwa kuinamisha bega tu namna ile. Lakini tatizo la pili lilikuwa linanisubiri. Kabureta iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Naivasha huwa hatari inaposhushwa Kilifi, kwani kule hewa ni nzito, petroli inakuwa haba kuliko hewa, joto la ndani linapanda, na pistoni inaweza kuungua au kukwama. Ina maana kwamba kila safari ya kwenda pwani ni kufungua kabureta, na kila safari ya kurudi ni kuzifungua tena. Mtu anayependa ufundi na aliye na subira atazizoea kazi hizo. Kwa anayepata Jumamosi mbili tu kwa mwezi, saa mbili za kurekebisha kabureta ni saa mbili za maji zilizopotea.

SuperJet ya sasa, iliyotoka mwaka 2021, iliondoa usumbufu huo wote kwa mkupuo mmoja. Ndani yake mna injini ya TR-1, yenye silinda tatu na cc 1,049, ya mipigo minne, ambayo petroli yake hupimwa na kompyuta. Kompyuta hiyo huhisi mabadiliko ya hewa na kurekebisha kiasi cha petroli bila mtu kushika bisibisi. Nimeitoa Naivasha Jumapili jioni na kuitia majini Kilifi Ijumaa iliyofuata, na kitu pekee nilichobadilisha ni upepo wa matairi ya trela. Bado inapoteza nguvu nyanda za juu, kwa maana kompyuta haiwezi kuumba hewa isiyokuwepo, lakini injini hii ina akiba ya kutosha na mtu wa kilo 80 hatahisi upungufu huo ila katika ile dakika ya kuondoka.

Wapenzi wa ile ya zamani wanalalamika kwamba mpya imenenepa, na wana hoja. Imefikia takriban kilo 170, urefu wa mita 2.43 na upana wa sentimita 76, ambao ni sentimita nane zaidi ya ile iliyotangulia. Kwa mtu anayetaka kurusha chombo hewani au kukizungusha mahali pamoja kwa mguu mmoja, uzito huo ni hasara ya kweli, na omo yake inahitaji kusukumwa kwa mwili mzima pale ile ya zamani ilipohitaji ishara tu. Hata hivyo, upana huohuo ndio unaomsaidia mwanafunzi. Binamu yangu, ambaye alianguka na ile ya cc 701 mpaka akakata tamaa, alisimama kwenye mpya katika jaribio la nne. Kuna pia mpangilio wa kupunguza kasi kwa ajili ya wanaoanza, na mkono wa usukani unaweza kurefushwa au kufupishwa kulingana na kimo cha mwendeshaji, jambo ambalo nililipuuza dukani na sasa ninaliheshimu, kwani mgongo wangu ndio uliolilipia kwenye mashine ya kwanza.

Kawasaki SX-R ni kiumbe cha namna nyingine. Kampuni iliacha kutengeneza 800 SX-R ya mipigo miwili baada ya mwaka 2011, ikanyamaza kwa miaka kadhaa, kisha ikarejea mwaka 2017 na mashine hii yenye silinda nne, cc 1,498, nguvu za farasi 160 na uzito wa takriban kilo 250 ikiwa tayari kuingia majini. Injini hiyo ilitokana na ile ya jetski zake za kukaa. Siku niliyoiendesha Kilifi ulikuwa msimu wa kusi, na kufikia saa nane mchana maji ya mkono wa bahari yalikuwa yamechafuka, yakija kwa vimawimbi vifupi vilivyofuatana karibukaribu. Kwenye SuperJet yangu nilipigwapigwa magoti yote mawili mpaka nikapunguza mwendo. Kwenye SX-R nilibonyeza, omo ikayapasua maji, na mwili wangu ukatulia kiasi cha kuweza kutazama daraja la Kilifi likinijia. Inapita kilomita 95 kwa saa bila kuonyesha kwamba imechoka, ilhali SuperJet inaishia karibu na 90 huku ikikutaka uwe macho. Katika kona haikubali kuchezewa. Ni lazima uiinamishe mapema, kwa imani, na ikishashika mkondo wake haiuachi.

Rafiki yangu mwenye SX-R ana kilo 104. Kwenye SuperJet yangu, pale Naivasha, alizama mpaka kiunoni kila alipojaribu kuinuka, na ilimchukua nusu saa kusimama mara mbili. Kwenye yake aliinuka kama mtu anayepanda ngazi. Bodi ndefu na injini kubwa zinampa kile ambacho mashine nyepesi haiwezi kumpa, na hata baada ya Naivasha kumnyang'anya sehemu moja kwa tano ya nguvu, anabaki na karibu farasi 130, ambazo zinamtosha na kusaza. Kwa hiyo yeyote mwenye mwili wa kiasi hicho asibabaishwe na maneno yangu yanayofuata: achukue Kawasaki, na ajiandae kwa kazi ya nchi kavu.

Kazi yenyewe ni kubwa. Maji ya Naivasha yamepanda sana katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ukingo ambazo zamani trela ingeweza kurudishwa nyuma hadi majini. Pale tulipopata ruhusa ya kuingilia, gari lilisimama mita ishirini kutoka kwenye maji, na katikati palikuwa na tope jeusi. SuperJet tuliibeba watu wanne, wawili kila upande, tope likitufika magotini, tukaiweka majini bila kupumzika. SX-R ilihitaji watu saba, kamba mbili na mbao tulizozitandika chini yake, na hata hivyo ilituponyoka mara moja ikaegemea ubavu na kukwaruzika. Jioni yake, watu wakiwa wamechoka na vijana waliotusaidia asubuhi wakiwa wamekwenda zao, tuliivuta kwa winchi ya gari kwa saa nzima. Ongeza barabara: kilo 250 pamoja na trela kwenye mteremko wa Mai Mahiu zinausukuma mgongo wa gari dogo kwa namna inayomtoa dereva jasho, na sikushauri mtu azivute kwa gari lisilo na gia ya kuzuia mwendo. SuperJet inatoshea hata juu ya pikapu, na nimewahi kuisafirisha hivyo hadi Kilifi, zaidi ya kilomita 500, nikiwa nimeilaza juu ya magodoro mawili.

Kuhusu bei, SuperJet ya sasa na SX-R zilipotoka ziliuzwa Marekani chini kidogo ya dola 10,000, Yamaha ikiwa nafuu kwa dola 500 hivi. Usafirishaji na ushuru huifunika tofauti hiyo kabisa, kwa hiyo isiwe ndiyo inayokuamulia.

Spea zinaweza kukuamulia. Jina la Yamaha linaaminika pwani nzima, kutoka Vanga hadi Kiunga, kwa sababu ya injini za boti za wavuvi, na wapo wanaodhani kwamba duka lenye spea za injini hizo litakuwa na za SuperJet. Si hivyo, kwani ni injini tofauti kabisa. Faida ya kweli iko kwingine: TR-1 ndiyo injini inayotumika pia katika jetski za kukaa za Yamaha kama EX, na mahali penye jetski hizo huwa pana fundi anayejua chujio lake la oili liko wapi na plagi zake ni zipi. Mimi hununua vitu hivyo Mombasa na kuviweka akiba nyumbani. Vile ambavyo ni vya SuperJet pekee, kama pete inayozunguka impela, yaani panga linalosukuma maji ndani ya pampu, huagizwa nje, na inafaa kuwa na moja kabatini kabla haijahitajika. Mwenye SX-R huagiza vingi zaidi, na mara mbili nimemwona rafiki yangu akikosa mwezi mzima wa maji kwa kusubiri kifurushi.

Nizitaje kwa ufupi nyingine ambazo watu huniuliza. Kawasaki 800 SX-R ya 2003 hadi 2011 ni mashine nzuri iliyotumika, yenye utulivu kuliko SuperJet ya zamani, ila ina kabureta na matatizo yaleyale ya hewa niliyoyaeleza. Jetski za Krash, ambazo nazo ni za kusimama, zimeundwa kwa ajili ya mawimbi na michezo ya hewani. Anayeihitaji anajijua, na hapa bara hatakuwa na mawimbi ya kuichezea. Sea-Doo Spark, hata ile ya Trixx ambayo watu huisimamia nyuma na kuinyanyua omo, ni ya kukaa, na ujuzi wake hauhamishiki moja kwa moja.

Lolote utakalochagua, pampu hunyonya maji kupitia chujio la vyuma lililo chini ya bodi na kuyafyatua nyuma kwa nguvu, na Naivasha ina gugu maji la kutosha kuliziba chujio hilo mara kadhaa kwa siku. Dalili ni injini kupaza sauti huku chombo kikibaki palepale. Zima, chomoa kamba ya usalama iliyo mkononi mwako, ndipo upitishe mkono chini kuondoa majani. Usiupitishe kamwe injini ikiwa inawaka. Kumbuka pia kwamba ukiachia eksileta usukani haufanyi kazi tena, kwani ni maji yanayotoka ndiyo yanayogeuza chombo, na hakuna breki. Hilo ni jambo zito katika ziwa lenye viboko. Sisi hatukaribii mafunjo hata siku moja, tunaingia jua likiwa limepanda, tunauliza wavuvi viboko wamelala wapi asubuhi hiyo, na wakisema upande fulani hauendeki, hatuendi. Kwa upande wa sheria, vyombo vidogo vya majini viko chini ya KMA, mamlaka ya masuala ya bahari ya Kenya, na pwani kuna hifadhi za baharini zinazosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori, kwa hiyo mtu aulize kabla ya kushusha trela.

Ukitoka Kilifi, isafishe injini kwa maji yasiyo na chumvi kabla hujala chakula. Washa injini kwanza, ndipo ufungue bomba; ukimaliza, funga bomba kwanza, ndipo uzime injini. Ukigeuza utaratibu huo, maji yanaweza kurudi kupitia njia ya moshi hadi ndani ya silinda. Bila maji isiwake zaidi ya sekunde 15.

Na kama unanunua iliyotumika, jambo ambalo wengi wetu tutalifanya, nenda na kipimo cha mgandamizo na usikubali kuambiwa kwamba betri imekwisha. Silinda zote zitoe vipimo vinavyokaribiana. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko mwenzake, ondoka. Ingiza kidole ndani ya pampu upapase ukingo wa impela: ukiwa na meno kama ya msumeno, mashine imekula mchanga. Mimi niliyapapasa meno hayo kwenye ile ya cc 701, yule muuzaji akaniambia ni ya kawaida, nikamwamini. Kijana aliyeinunua kwangu nilimshikisha ukingo wa impela mpya niliyoiweka, nikampa na ile ya zamani kwenye mfuko wa karatasi, apate kujua tofauti kwa vidole vyake mwenyewe.